Mzee wa Mifugo Anajibu: Paka wa Laki Sita

Msimu wa korosho ukishalipa, barua za safu hii hubadilika sura. Kuku na mbuzi husogea pembeni, paka wa manyoya wanaingia. Mwezi huu nimewapa nafasi wao tu. Wafuga kuku wanivumilie, zamu yao inakuja.

Shikamoo mzee. Mimi ni fundi simu hapa Chuno, Mtwara. Nimempata muuzaji wa Dar ana watoto wa paka aina ya Persian, wana wiki sita. Bei laki sita. Anasema ni pyua kabisa, wana macho ya bluu, na kadi ina chanjo zote mpaka ya kichaa cha mbwa. Anataka nitume nusu ya hela, ampakie mmoja kwenye basi la alfajiri. Binti yangu ameshaona picha, hapati usingizi. Nitume?
Fundi simu, Chuno

Marahaba mwanangu. Usitume.

Nianze na hiyo kadi, maana ndiyo inayomuumbua mwenyewe. Chanjo ya kichaa cha mbwa paka hapewi kabla ya kutimiza wiki 12. Hao wana wiki sita. Kwa hiyo ama kadi imejazwa mezani bila sindano, ama aliyechanja hajui kazi, ama umri umedanganywa. Chagua unalotaka, hakuna hata moja linalostahili laki sita. Kadi ya kweli huwa na stika iliyobanduliwa kwenye kichupa cha chanjo, yenye jina la chanjo na namba ya toleo, halafu tarehe, sahihi na muhuri wa daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari. Chanjo za kwanza za paka, zinazokinga mafua yao na ule ugonjwa wa panlukopenia unaowamaliza watoto kwa kutapika na kuhara, huanza wiki ya 8 au ya 9, zinarudiwa kila baada ya wiki tatu au nne, na ya mwisho inatakiwa ifike wiki ya 16. Ukichanja mapema mno, kinga aliyoipata kwenye maziwa ya mama inaivunja nguvu chanjo, na pesa yako imekwenda na maji.

Macho ya bluu sasa. Watoto wa paka karibu wote huanza maisha na macho ya bluu, hata wa paka wa mtaani aliyezalia nyuma ya ghala la korosho. Rangi ya kudumu huanza kujitokeza karibu na wiki hiyohiyo ya sita au ya saba. Anayekuuzia macho ya bluu kwa mtoto wa wiki sita anakuuzia kitu kitakachobadilika ukiwa umeshalipa.

Na wiki sita zenyewe ni chache. Wafugaji wa Uingereza walio chini ya chama chao cha GCCF, kilichoanzishwa mwaka 1910, hawamtoi mtoto wa nasaba kabla ya wiki 13. Katika wiki hizo za mwisho mama na ndugu zake ndio wanaomfundisha kucheza bila kung'ata hadi damu, kufukia kinyesi, kutotishika na kila mlio wa sufuria. Ukimnyakua mapema unapata paka mwoga, mng'ataji, anayenyonya blanketi mpaka uzeeni.

Sasa wewe ni fundi simu, kazi hii ni rahisi kwako. Mpigie huyo bwana simu ya video, usimpe miadi, piga tu. Mwambie akuonyeshe mama akiwa na watoto wake. Nataka uone chuchu zilizonyonywa, manyoya ya watoto chini ya mkia kama yamegandamana na harisho, macho kama yanatoka usaha, na mahali wanapojisaidia. Akisema mama yuko kwa shangazi Kibaha, au chaji imeisha, umeshapata jibu. Kumnunua paka ambaye mama yake hujamwona ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Neno "pyua" nalo lina karatasi yake. Kadi ya chanjo haihusiani na ukoo hata chembe. Paka wa nasaba ana hati inayotaja wazazi, babu na bibi zake, mara nyingi vizazi vitatu hadi vitano, kila mmoja na namba yake ya usajili katika daftari la chama kinachojulikana: CFA ya Marekani iliyoanza 1906, TICA, FIFe ya Ulaya, au hao GCCF. Paka wengi wa manyoya wanaouzwa huku kwetu hawana hati hiyo. Si dhambi. Ila asiye na hati ni paka mwenye manyoya marefu na uso wa kuvutia, basi, na bei yake ishuke ifanane na hivyo.

Kuna jambo moja zaidi kwa Persian, na hili muuzaji hatalitaja kwa hiari. Aina hiyo ina ugonjwa wa kurithi wa figo kujaa vifuko vya maji, kwa kifupi PKD. Mzazi mmoja tu akiwa nao, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi. Vifuko anazaliwa navyo, vinakua polepole, na paka anaweza kuonekana mzima miaka mingi kabla figo hazijachoka. Kipimo cha vinasaba kipo. Wanapitisha kijiti cha pamba ndani ya shavu, sampuli inatumwa nje, kwa mfano maabara ya Chuo Kikuu cha California kule Davis. Vilevile daktari mwenye mashine ya utrasaundi na jicho zuri anaweza kuviona vifuko kwa paka aliyevuka miezi kumi. Muulize: wazazi wamepimwa PKD? Mfugaji wa kweli hufurahi kuulizwa. Dalali hununa.

Ukishampata wa kweli, nenda ukamchukue mwenyewe au mtume mtu unayemwamini arudi naye miguuni pake, ndani ya basi, kwenye kikapu chenye matundu. Dar mpaka Mtwara ni kama kilomita 560. Persian ana pua fupi na anapumua kwa shida hata akiwa amelala. Kumweka kwenye katoni ndani ya buti, chini ya magunia, na jua la Somanga linachoma, ni kumtafutia kifo. Akifika, mweke karibu na feni, mchane manyoya kila siku kwa kitana cha chuma, mfute machozi kwa pamba ya maji ya uvuguvugu. Kama kazi hiyo ya kila siku haimo kwenye ratiba ya nyumba yako, mtafutie binti paka wa manyoya mafupi. Atalia siku mbili, halafu atampa jina.

Shikamoo babu. Paka wangu wa Siamese amezaa watoto wanne, wote weupe kama pamba, hawana hata alama. Baba watoto anasema dume niliyelipia hakufanya kazi, ameingiliwa na shume wa jirani. Ananicheka mbele za watu. Nimetapeliwa?
Mama wa Mitwero, Lindi

Marahaba mama. Mwambie baba watoto aweke akiba ya maneno.

Siamese huzaliwa weupe. Ndivyo walivyo. Tumboni mna joto, na kile kinachotengeneza rangi kwenye manyoya yao hakifanyi kazi penye joto. Kinaamka penye ubaridi tu, ndiyo maana weusi huja kwenye ncha za mwili: masikio, pua, miguu na mkia. Subiri kidogo. Kuanzia wiki ya kwanza au ya pili utaona kingo za masikio zinaanza kuwa kama zimepakwa masizi. Na usishangae wakwako wakibaki na mwili mweupe kuliko wale wa kwenye picha za nchi za baridi. Joto la Lindi lina mkono wake katika hilo.

Shume angetajwa na rangi ya watoto wenyewe. Rangi ya Siamese hujificha isipotoka kwa wazazi wote wawili, kwa hiyo kwa baba wa kawaida wangezaliwa weusi, wa kijivu au wa mistari tangu siku ya kwanza. Kama shume wa jirani ni mweupe pee, hapo kidogo tungekuwa na kesi, lakini watoto wake wangebaki weupe na masikio yasingegeuka. Nikuongezee ya kumfungia mdomo mzee wako: hata shume akiingia, haina maana dume hakufanya kazi, kwani paka jike anaweza kubeba watoto wa baba wawili katika mimba moja. Kwa hiyo mara nyingine, jike akiwa kwenye joto la kutaka dume, madirisha yafungwe kabla na baada ya kupelekwa kwa dume.

Mzee shikamoo. Nina Persian wawili, dume na jike, nilinunua uzao mmoja. Wana miezi tisa. Watu wa hapa Masasi na Ndanda wananiulizia watoto, na nina eneo. Kwa mwaka naweza kupata uzao mara ngapi?
Mfanyabiashara, Masasi

Marahaba. Kwa hao wawili, hata mara moja usijaribu.

Ni ndugu wa tumbo moja. Kila ukoo una kasoro zilizojificha, mzazi anazo na haonekani kuumwa kwa sababu ana upande wa pili ulio mzima unaomfichia. Ukikutanisha kaka na dada, kasoro ileile inakutana na mwenzake na haina tena wa kuificha. Unapata wanaozaliwa wafu, wenye mdomo wa juu uliopasuka, wadogo wasiokua, na wale wanaokufa bila sababu ya kueleweka. Mfugaji mzuri wa ng'ombe wa Masasi analijua hili kwa dume lake, sijui kwa nini kwa paka tunajisahaulisha.

Watenganishe leo, leo hii, chumba tofauti na mlango wenye komeo. Katika miezi tisa yawezekana jike ameshabeba, kwa hiyo mpeleke kwa daktari amwangalie. Dume ahasiwe kama huna mpango naye wa maana, ila kumbuka anaweza bado kuzalisha kwa wiki kadhaa baada ya kuhasiwa, usiwarudishe pamoja haraka.

Unaniuliza mara ngapi kwa mwaka. Mwili wa jike una jibu lake na mimi nina langu. Sisi tuko nyuzi kumi kusini mwa ikweta, mchana wetu haupungui sana mwaka mzima, na paka huingia joto kwa kufuata urefu wa mchana. Kwa hiyo huku hawana likizo kama wenzao wa Ulaya wakati wa baridi. Asipopandwa, joto linarudi kila wiki mbili au tatu. Anaweza hata kubeba mimba nyingine akiwa bado ananyonyesha. Ukimwachia atakupa uzao mpaka mifupa ionekane. Mimi nasema asipandwe kabla ya kutimiza mwaka mmoja na kukomaa mwili, na Persian huchelewa kukomaa. Baada ya hapo uzao mmoja kwa mwaka unatosha, na usizidi mitatu katika miaka miwili hata afya yake ikikuvutia namna gani. Akifika miaka mitano au sita, mfunge kizazi akae kitako, amekwishakulipa.

Dume mtafute asiye wa ukoo wake, mwenye hati, na kabla hawajaonana wote wawili wapimwe damu kwa virusi vya FeLV na FIV. Vya kwanza hupunguza kinga na kuleta saratani ya damu, vya pili ni jamaa wa ukimwi, vinakaa kwa paka tu, wewe huwezi kuvipata. PKD nimeshaieleza hapo juu. Muulize daktari pia kuhusu kundi la damu. Paka wana A, B, na mara chache AB. Mama wa B akizaa mtoto wa A, maziwa ya kwanza, yale tunayoyaita dang'a kwa ng'ombe, yanageuka sumu kwa mtoto: anazaliwa mzima, ananyonya vizuri, siku ya pili mkojo umekuwa kahawia na amelegea. Ukiona mkojo wa namna hiyo, watoe watoto kwa mama hapohapo na umpigie daktari. British Shorthair ndio wanaojulikana sana kwa hili, lakini hata Persian si salama moja kwa moja.

Siku ikifika, jike ndiye anayepelekwa kwa dume, si kinyume chake, maana dume akiwa ugenini hushughulika na kunusa kuta. Yai halitoki mpaka apandwe, na mara moja huwa haitoshi, waache pamoja siku mbili tatu. Atapiga ukelele na kumrushia dume makucha, usiingie kati. Kisha hesabu siku 63 hadi 67.

Hesabu yako ya biashara naiona imeanzia kwenye kuuza. Ianzishe kwenye kutouza. Chukulia wamezaliwa watatu, hakuna aliyekuja kuwachukua, wana miezi minne, wanakula nyama na dagaa kila siku, kila mmoja anadai chanjo zake na dawa ya minyoo, na mama yao ameingia joto tena anapiga kelele usiku kucha. Kama mfuko wako unahimili picha hiyo, tuongee. Na hao wa Ndanda wanaokuulizia, waulize nani atakaa na paka wakienda shamba msimu wa palizi. Nusu yao hawatarudi tena, na afadhali iwe sasa. Watakaorudi, wauzie kwa maandishi: mtoto ana wiki 12 na kuendelea, ana chanjo, atahasiwa kwa umri utakaotajwa, na akishindikana anarudi kwako, si sokoni wala barabarani. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamhesabu mwenye mnyama kuwa ndiye anayewajibika naye.

Mzee, naulizia paka wa Scottish Fold, wale wenye masikio yaliyokunjwa. Wanapatikana wapi na unawashauri vipi wa kuwazalisha?
Mwalimu, Tandahimba

Mwalimu, siwashauri kuwazalisha wala kuwanunua. Sikio lile limekunjika kwa sababu gegedu yake, ule mfupa laini, ni mbovu, na gegedu haiko masikioni tu, iko kwenye kila kiungo. Wote walitokana na paka mmoja mweupe aliyeonekana shambani Scotland mwaka 1961, na miaka kama kumi tu baadaye Waingereza wenyewe waliacha kuwasajili. Wengine mkia unakakamaa, vifundo vya miguu vinavimba, kuruka kitandani kunakuwa adhabu. Unapoona picha yake amekaa kama binadamu, miguu mbele, watu wanacheka. Mara nyingi anatafuta mkao usiouma.

Shikamoo mzee. Paka wangu wa manyoya ana mimba ya siku 60. Jirani muuza duka la dawa ameniahidi sindano ya kuongeza uchungu ili azae haraka. Nijiandae na nini kingine?
Mama wawili, Mikindani

Marahaba mwanangu. Jiandae kumkatalia jirani. Sindano ile mtoto akiwa amekwama inaweza kupasua mfuko wa uzazi, na Persian hukwama mara nyingi kwa sababu ya vichwa vya mviringo na nyuso bapa. Kaa na namba ya daktari iliyojaribiwa, ambayo umeshaipiga na ikapokelewa.

Mwekee sanduku pembeni penye giza kiasi, kanga kuukuu ndani, na anza kumzoesha sasa. Kama anasukuma kwa nguvu nusu saa na hakuna kinachotoka, piga simu. Kama umetoka uchafu wa kijani na hakuna mtoto aliyetangulia, piga simu. Ila akizaa wawili akatulia, akawanyonyesha, akala, asihangaike, mwache. Paka anaweza kupumzika masaa mengi kabla ya kuendelea na waliobaki. Hesabu makondo, kila mtoto na lake. Atayala mengine, ni kawaida.

Halafu nunua mizani ndogo ya kidijiti, ile ya wauza viungo. Hii ndiyo dawa ninayoiamini kuliko sindano zote. Mtoto wa paka huzaliwa na gramu 90 hadi 110 hivi na anatakiwa kuongeza gramu 10 hadi 15 kila siku. Mpime kila asubuhi saa ileile kabla hajanyonya, andika kwenye daftari, na kila mmoja mfunge uzi wa rangi yake, uwe legelege, uubadilishe anavyokua. Aliyebaki palepale siku moja, mweke kwenye chuchu za nyuma ambako maziwa ni mengi. Aliyepungua siku mbili mfululizo, huyo anaumwa, hata kama kwa macho anaonekana mnene.

Mzee wa mifugo, nina dume wa rangi tatu, nyeusi, nyekundu na nyeupe. Kuna mtu ananiomba wa kupandishia kwa bei nzuri. Nikubali?
Dereva, Nachingwea

Kwanza hakikisha ni dume kweli, wengi huja kliniki kama madume wakarudi majike. Rangi nyeusi na nyekundu kwa pamoja zinahitaji kromosomu X mbili, na dume wa kawaida ana moja. Akiwa kweli dume, basi amezaliwa na ya ziada, na karibu wote wa hivyo hawazalishi. Ukipokea hela ya kupandishia utakuja kudaiwa.

Babu, kwani hakuna paka wa nasaba wa Afrika Mashariki mpaka tuagize wa Ulaya?
Mwanafunzi, Kilwa Masoko

Yupo, mjukuu wangu. Anaitwa Sokoke, kwa jina la msitu wa Arabuko-Sokoke huko pwani ya Kenya, jirani na Malindi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Jeni Slater aliokota watoto wake shambani kwake, akavutiwa na manyoya yao ya mabaka kama maganda ya mti, baadaye wakapelekwa Denmark na FIFe ikawatambua. Wagiriama walikuwa wanawajua zamani, wanawaita khadzonzo. Ni wembamba, miguu mirefu, manyoya mafupi yasiyotaka kitana, na joto la pwani ni kwao. Leo ni wachache sana duniani, kwa hiyo ukiona anayeuza Sokoke kwa wingi, mkimbie.

Mzee, haraka. Nimempaka mtoto wa Persian dawa ya mbwa ya viroboto, sasa anatetemeka na kutoa mapovu. Nifanye nini?
Kijana, Ruangwa

Huyu nilimjibu kwa simu siku hiyohiyo, lakini nalichapa kwa ajili ya wengine. Dawa nyingi za viroboto vya mbwa, na baadhi ya zile za kuogeshea ng'ombe, zina sumu ya wadudu iitwayo permethrin, na ini la paka haliwezi kuivunja. Muoshe na sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, si ya moto na si ya baridi, mpaka utelezi uishe. Mkaushe, mfunike. Usimpe maziwa, usimpe mafuta, na usimpe Panadol hata kidonge nusu, maana hiyo nayo inaua paka. Chukua na chupa ya hiyo dawa, mpeleke kliniki akiwa bado anatetemeka. Usisubiri kuche.